Mzazi aambiwe kuhusu wiki za mwanzo za dawa ya sonona

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari, wafamasia wenzangu na wazazi wenye vijana wanaotibiwa sonona. Mimi ni mfamasia hapa Ngamiani, Tanga. Siku hizi vyeti vya dawa za sonona, fluoksetini na amitriptilini, vya wanafunzi wa sekondari na vyuo vinanifikia mara nyingi kuliko zamani, na kwa hilo sina ugomvi. Kijana aliyeandikiwa dawa ana heri kuliko aliyefungiwa ndani kwa madai kwamba ana mashetani.

Kinachoniuma ni ukimya. Cheti kinaandikwa vidonge vya mwezi mzima, kimoja kila asubuhi, basi. Karibuni mama mmoja alikuja dirishani na pakiti ya bintiye wa kidato cha tano, akiwa wiki ya pili kwenye dawa. Binti halali, hatulii kitini, usiku anazunguka uani, na amemwambia mdogo wake kwamba bora asingezaliwa. Mama alikuja kuuliza kama aongeze kidonge, maana aliona ugonjwa umezidi. Kule alikotibiwa hakuna aliyemdokezea kwamba dawa yenyewe yaweza kuleta hali ile. Nilimsihi asiongeze wala asikatishe, nikampigia daktari palepale, na binti akaonwa siku hiyohiyo.

Jambo hili linajulikana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe onyo kali, baada ya kupitia majaribio 24 yaliyohusu watoto na vijana zaidi ya 4,400. Mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban 4 katika kila 100 waliomeza dawa, na 2 katika kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Mwaka 2007 onyo likawahusu na vijana wa hadi miaka 24. Kipindi cha kuchunga zaidi ni miezi ya mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa.

Wengi hawafiki huko. Watasikia kichefuchefu au kichwa kuuma, kisha yapite, na nafuu ije baada ya wiki kadhaa. Lakini asiyeambiwa hivyo huacha ghafla, halafu kizunguzungu, hasira na kukosa usingizi vikamrudisha kitandani.

Amitriptilini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni rahisi kwa bei, watu wanaiita dawa ya usingizi, na vidonge vingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mzazi, pakiti hiyo ikae kwako, imefungiwa, umpe kijana kidonge cha siku.

Kwenu madaktari: andikeni kwenye cheti tarehe ya kurudi, ndani ya wiki moja au mbili, nasi tutatoa vidonge vya kumfikisha hapo tu. Najua nauli ya kutoka Pangani au Muheza si ndogo, kwa hiyo asiyeweza kuja apigiwe simu, na aulizwe waziwazi kama amewaza kujidhuru. Fomu za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya hapa Tanzania, za kutoa taarifa za madhara ya dawa zipo. Ya binti yule tumeshaijaza.

Mfamasia,
Ngamiani, Tanga