Malalamiko: betri mliyofunga haifikishi asubuhi

Meneja wa Mauzo na Ufundi,

YAH: BETRI YA SOLA ISIYOLINGANA NA MATUMIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwenye duka la vinywaji, Bagamoyo, aliwapa orodha ya vifaa kabla hajalipa. Mkamfungia betri moja ya jeli ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, na paneli ya wati 150, mkamhakikishia kuwa usiku utapita. Sisi mafundi wake tumepiga hesabu upya.

Friji ni ya wati 100. Kompresa haizunguki muda wote, kwa hiyo tumeikadiria saa 8 kwa siku, na huo ni ukadiriaji wa huruma kwa friji ya dukani inayofunguliwa kila mara. Hizo ni wati-saa 800. Taa 6 za wati 9 kwa saa 5 ni 270. Televisheni ya wati 60 kwa saa 5 ni 300. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400. Jumla ni wati-saa 1,770. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia vifaa vya kawaida, nayo hula takriban asilimia 15, hivyo betri inadaiwa kama 2,080 kwa siku.

Mtasema mchana paneli inasaidia. Sawa. Tukihesabu sehemu ya friji ya saa 14 tu kati ya 24, zile zisizo na jua la maana, na vingine vyote usiku, betri bado inadaiwa karibu 1,690. Mliyofunga ina 12 × 100 = wati-saa 1,200 ikiwa mpya, na betri ya jeli ikishushwa chini ya nusu kila usiku haidumu. Ya kutumia ni 600. Friji huzimika hata kabla ya saa sita usiku.

Kuna kosa jingine. Waya wa betri hadi inveta ni wa milimita 6 za mraba, mita 4 kwenda na 4 kurudi. Ukipitisha ampea 20, hupoteza karibu nusu volti. Betri ikisoma 12.0, inveta inaona 11.5, kompresa ikivuta umeme wa kuwaka, volti zinaporomoka zaidi na kengele inalia. Fundi wenu alilaumu friji. Friji haina kosa. Halafu hakuna fyuzi kwenye waya huo, jambo la hatari.

Kuongeza betri peke yake hakutasaidia. Paneli ya wati 150, kwa saa 5 za jua kamili na upotevu wa asilimia 30, hutoa wati-saa 525 tu, na betri ya jeli isiyojaa huganda salfeti kwenye sahani zake, ikapoteza uwezo.

Tunadai ndani ya siku 14: betri mbili za jeli za Ah 200 zilizoungwa sambamba, zinazofanana na za tarehe moja ya kutengenezwa, au betri moja ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 200. Paneli za wati 600. Kontrola ya kuchaji betri ya ampea 60 badala ya ya 20 mliyofunga, iliyowekwa kulingana na aina ya betri. Waya wa milimita 35 za mraba usiozidi mita 1.5, na fyuzi karibu na betri. Kwenye gharama mpya mtakata bei ya vifaa vya zamani mtakavyochukua. Mkishindwa, rudisheni fedha zote na mng'oe mitambo yenu.

Tuleteeni pia hesabu mliyotumia, kwa maandishi.

Mafundi umeme,
kwa niaba ya mwenye duka