Barua kwa shoga yangu wa Tanga, kuhusu setilaiti iliyoitwa Uhuru

Malindi,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu sana, na watoto nisalimie mmoja mmoja. Huku hatujambo, ila joto tu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwanafunzi wako alikuuliza shimo jeusi, kile kitu cha angani chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, limejulikanaje na halionekani, ukamjibu "wanasayansi wamegundua," kisha ukarudi nyumbani huna raha. Nakujua wewe. Najua usiku ule hukulala.

Usijilaumu. Swali la mtoto huyo ni zito, na bahati nzuri ni kwamba jibu lake lilianzia hapa hapa kwetu, baharini.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, lile jukwaa la Waitaliano linalosimama kwa miguu ya chuma baharini, karibu na Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi, Bi. Marjorie Townsend, aliichagulia jina la Kiswahili kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kwa kupima eksirei zinazotoka angani. Walikuja kuirushia huku kwa sababu tuko jirani na ikweta. Chombo kikielekea mashariki, mzunguko wa dunia wenyewe hukipa msukumo, na kikizunguka juu ya ikweta huepukana na sehemu kubwa ya chembe kali zinazovuruga vipimo.

Mimi nilifundisha fizikia miaka tisa pwani hii bila kulijua hilo. Nilikuja kulisoma kwa Kiingereza, katika maandishi ya walimu yaliyotayarishwa Marekani. Nilifurahi, kisha nikaumia. Neno ni letu, bahari ni yetu, na watoto wa Ngomeni wanayaona majukwaa yale wakienda kuvua, lakini shuleni hakuna aliyewaambia kilichotokea pale.

Basi nikubebeshe ninavyofanya siku hizi, ukijaribu huko utaniambia.

Kwanza namalizana na hewa. Wanafunzi wanajua eksirei za hospitali hupenya nyama, kwa hiyo hudhani hupenya kila kitu. Nawaambia hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ukiipima uzito ni sawa na maji ya kina cha mita kumi. Watoto wa huku wanajua mita kumi za maji ni nini, maana wengi wana baba au mjomba mzamiaji. Eksirei za nyota haziwezi kuvuka kina hicho, ndiyo maana darubini ya ardhini, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kuziona. Lazima mtu atoke nje ya hewa.

Halafu tunacheza Uhuru. Setilaiti ile haikuwa na kioo cha kukusanya mwanga. Ilikuwa na visanduku viwili vya kuhesabia eksirei, vimeelekea pande mbili zinazopingana, na mbele ya kila kimoja matundu membamba kama ya sega la nyuki, ili kihesabu kinachotoka mbele tu. Ikajizungusha polepole, kama dakika 12 kwa mzunguko mmoja. Hesabu ikipanda, wanajua upande ule kuna kitu.

Mwezi uliopita niliazima kiti cha kuzunguka cha mhasibu, nikafunga madirisha ya maabara kwa leso nne, nikakunja karatasi ya manila kuwa bomba. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akakaa kitini, bomba jichoni, jicho jingine amefumba. Mwenzake akamzungusha taratibu, mzunguko mmoja nusu dakika. Tochi tatu nilishazificha pembeni, moja nyuma ya kabati. Kila akiona mwanga anasema "sasa," na wa mezani anaandika sekunde. Saba. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Mzunguko wa pili, zile zile. Wakachora duara ubaoni, wakagawanya, wakazipata tochi zote tatu kabla taa haijawashwa. Mshindo wa makofi ulimleta mwalimu wa darasa la jirani.

Nikamwambia sasa asimame kwenye kila tochi, aitazame bila kuzunguka. Tochi ya pili nilikuwa nimempa kijana aizibe kwa kiganja na kuiachia, akihesabu kimoyomoyo. Msichana akatazama, akanyamaza, akasema, "Mwalimu, hii inapumua." Wakapima: kila sekunde tano. Hapo ndipo nilipowaandikia ubaoni jina la chanzo kimoja cha eksirei, Centaurus X-3, na namba yake ya kweli, sekunde 4.8. Ni nyota ya neutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota iliyolipuka, inayojizungusha huku ikinyonya gesi ya nyota mwenzake, na kila baada ya siku mbili hivi hupotea, kwa sababu mwenzake amepita mbele yake. Hayo yote yalisomwa kwenye hesabu za Uhuru, kwa kutazama kupanda na kushuka tu.

Tochi ya tatu ilikuwa ya mlinzi, betri zake zimelegea. Sikuipanga hivyo. Ikawa inamweka ovyo, mara kali, mara hafifu. Wakajaribu kuipima, wakashindwa. Mvulana mmoja akasema haina mpigo. Mwili ulinisisimka, kwa maana ndivyo Uhuru ilivyoikuta Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei: inabadilika ndani ya muda usiofika sekunde moja, bila mpigo wowote wa kudumu.

Na hapa ndipo penye jibu la mwanafunzi wako. Kitu kinachomweka upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, maana hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga unahitaji kukivuka. Baadaye wanaastronomia wa darubini za kawaida wakaona nyota ya buluu mahali pale pale, inayokizunguka kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Ukijua nyota inavyovutwa, unajua kinachoivuta kina uzito gani. Kilikuwa kizito mno kuwa nyota ya neutroni. Siku hizi kinakadiriwa kuwa na uzito wa mara 21 hivi ya jua. Kidogo, kizito, hakitoi mwanga wake: hilo ndilo shimo jeusi. Eksirei zinatoka kwenye gesi inayopata moto ikizunguka kabla ya kuzama. Shimo lenyewe hawakuliona. Walipima wanaolizunguka. Mwambie hivyo, na ataelewa, kwa sababu nimeona watoto wa umri wake wakielewa.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Umeniuliza nyenzo nazitoa wapi. Wamarekani kwa miaka mingi walitenga sehemu ndogo ya fedha za kila safari ya anga, kama asilimia moja, kwa ajili ya elimu, na walimu walikaa meza moja na wanasayansi. Kituo cha Goddard cha NASA kina mafunzo ya eksirei na miale ya gama. Chuo Kikuu cha Sonoma State kiliandaa masomo ya setilaiti za Swift, Fermi na NuSTAR, kikafunza walimu ili nao wafunze wenzao. Hata jina la darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, lilipatikana kwa shindano la insha. Walioshinda ni mwanafunzi wa sekondari wa Idaho na mwalimu wa California. Fikiria, mwalimu kama mimi na wewe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha watu wa Chandra. Data zao wamezigeuza sauti, na masalia ya nyota iliyolipuka, Cassiopeia A, wameyatengenezea umbo la kushikwa mkononi, ili asiyeona naye alijue. Nina mwanafunzi mmoja asiyeona vizuri. Nilipowachezea sauti zile kwenye simu, yeye ndiye aliyewafasiria wenzake nini kinapanda na nini kinashuka, na kwa mara ya kwanza darasani mwangu wote walimgeukia yeye.

Neno moja la tahadhari. Usizichukue nyenzo hizo kama zilivyo. Nyingi zimeandikwa kwa shule yenye printa na kompyuta kwa kila mtoto, na zikikosekana mwalimu huhisi amefeli. Chukua wazo, kifaa utakipata jikoni. Na picha za rangi usiwaonyeshe kabla hujawaambia kwamba rangi zimepakwa na watu ili kutofautisha nguvu za miale. Wangu waliniuliza kama rangi zile ni za kweli, na nilishukuru waliuliza.

Shule zikifungwa, panda basi la Horohoro uje. Nimeongea na nahodha mmoja wa Ngomeni, atatupeleka asubuhi bahari ikiwa shwari, tuyatazame majukwaa kwa mbali. Mlete na yule mwanafunzi wako, wazazi wake wakiridhia. Nataka nimwonyeshe mahali penyewe, na swali lake aniulize mimi mbele ya maji yale.

Ni mimi shoga yako,
mwalimu wa Malindi