Heri ya Nairuzi, na habari ya mtoto aliyefunikwa kwa mbawa

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Nairuzi! Wiki hii usiku na mchana vinalingana, na Wairani wanafungua mwaka. Wametandika haft-sin, vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na herufi sin: kitunguu saumu, siki, tufaha, na ngano iliyochipuzwa kwenye sahani. Sisi wa Unguja neno Nairuzi tunalo pia, ila mwaka wetu tunaukoga Julai kule Makunduchi, tena kwa kuchapana migomba!

Kila msimu huu ukifika humkumbuka Zal. Ferdowsi, aliyemaliza utenzi wake wa Shahnameh mwaka 1010 hivi, anasimulia kuwa mtoto huyo alizaliwa na nywele nyeupe pe. Baba yake, shujaa Sam, akaona haya, akaamuru atupwe mlima Alborz. Ndege Simurgh akashuka amchukue awe kitoweo cha makinda. Akamtazama, akamwonea huruma, akamlea kiotani.

Sasa sikilizeni ya China, kutoka utenzi wa kale. Mwanamke Jiang Yuan alikanyaga wayo wa Mungu, akashika mimba, akamzaa Houji. Mtoto akatupwa kichochoroni. Ng'ombe na kondoo wakamhifadhi. Akalazwa juu ya barafu. Ndege wakamfunika kwa mbawa. Walipopuruka ndipo akalia, sauti ikatapakaa njiani. Alipokua aliwafundisha watu kilimo cha nafaka, na wafalme wa ukoo wa Zhou, wa China ya kale, wakajinasibu naye.

Wapo wanaosema hadithi hizi zilisafiri na misafara ya hariri. Huenda. Lakini utenzi wa Houji umemtangulia Ferdowsi kwa miaka zaidi ya elfu, ingawa Ferdowsi naye alisimulia mambo ya kale, kwa hiyo mimi sina haraka ya kusema nani kamwazima nani. Kinachonishika ni zile mbawa. Na sahani ya ngano mbichi mezani Iran, ningemwonyesha Houji, angeitambua mara moja.

Sam, kwa bahati, alijuta, akaupanda mlima kumfuata mwanawe. Wakati wa kuagana, Simurgh alimpa Zal unyoya: ukifikwa na shida, uchome, nitakuja. Na kweli, mkewe Rudabeh alipokwama katika uchungu wa kumzaa Rostam, unyoya ukachomwa, ndege akaja.

Unyoya sina, jamani. Simu ninayo. Mkifikwa na jambo mwaka huu, hata saa nane za usiku, nipigieni.