Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama, wazazi wa watoto waliozaliwa na hitilafu ya kinga ya mwili,

Hesabu za chama ataziwasilisha mhazini, nami sina la kuongeza hapo. Naomba muda wenu kwa swali alilouliza mama mmoja kikaoni, ambalo tumelirudia mwaka mzima: "Mwanangu aliugua surua akapona kama watoto wengine. Mbona nimonia haimwachi?"

Jibu lake lilianza mwaka 1952. Daktari wa Marekani, Ogden Bruton, alimpima mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akishambuliwa na bakteria mara kwa mara, akakuta damu yake haina gamaglobulini, yaani ile sehemu inayobeba kingamwili, protini zinazonasa vijidudu. Alipomchoma sindano za gamaglobulini ya watu wengine, mtoto alipata nafuu. Mwaka 1993 jeni yenye hitilafu ilijulikana: ni BTK, iliyo kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaougua ni wavulana na mama huibeba bila dalili. Jeni hiyo ikiharibika, seli B, yaani seli za kinga zinazozaa watengenezaji wa kingamwili, hazikomai, na kingamwili hazitengenezwi; ndiyo maana bakteria wa nimonia hurudi. Seli T, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoingiliwa na virusi, hata hivyo, ni nzima, na hizo ndizo zilizomaliza surua, ambayo ni ya virusi, kwa mtoto wa mama yule. Kumbe kinga ina walinzi wenye zamu tofauti! Tumelijua hilo kwa sababu ya watoto kama wetu, na ndiyo maana sipendi kabisa wakiitwa "watoto dhaifu".

Wapo pia watoto wenye hitilafu ya jeni nyingine, FOXP3. Kwao kinga haikupungua, bali imekosa wa kuizuia, nayo hushambulia utumbo, ngozi na kongosho la mwenyewe tangu uchangani.

Kazi kubwa ya kamati ilikuwa kuzungumza na wazazi wapya kuhusu chanjo hai, yaani zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ikiwa katika ukoo kuna mtoto mchanga aliyefariki kwa maambukizi yasiyoeleweka, daktari aambiwe kabla ya BCG, chanjo hai ya kifua kikuu, kutolewa, kwani kwa mtoto asiye na seli T chanjo hiyo inaweza kugeuka ugonjwa.

Hoja ninayoileta mbele ya mkutano mkuu ni upimaji wa watoto wote wanapozaliwa. Tone la damu ya kisigino linatosha kugundua upungufu mkubwa wa seli T; jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza mwaka 2008. Watoto wanaopandikizwa uboho kabla ya miezi 3 na nusu hupona kwa wingi kuliko wanaocheleweshwa. Naomba tupige kura leo, tupeleke ombi hilo wizarani kwa jina la chama.