Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, msimu wa alizeti uliopita na unaokuja

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote. Mkutano mkuu watu walikuwa wachache maana korosho zilikuwa ghalani na kila mtu anasubiri mnada, kwahiyo taarifa naileta kwa maandishi msome kwa nafasi zenu. Ya hela ataieleza mama mhazini mwenyewe, mi daftari lake siligusi.

Jambo kubwa mwaka huu ni moja tu, kupishana kupanda. Tulikubaliana mvua zikishika vizuri mwishoni mwa Desemba wote tupande ndani ya wiki moja, waliosikia wakapanda, wengine wakasema ngoja malipo ya korosho yaingie ndo tununue mbegu, wakaja kupanda Februari katikati. Si mliona wenyewe? Ndege wakaanza kwa waliotangulia, wakahamia kwa waliofuata, wakamalizia kwa wa mwisho, yaani tuliwapangia ratiba ya chakula! Kuna shamba kule bondeni nilipita asubuhi, vichwa vimebaki kama masega yaliyorinwa, maganda yametapakaa chini na mwenye shamba yuko mnadani. Alizeti inakaa shambani siku 90 mpaka 120 kutegemea na mbegu, tukipanda pamoja itakomaa pamoja, ndege watakula ndio ila hawawezi kumaliza mashamba yote kwa mpigo, na kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, tutapeana zamu.

Mbegu nako kuna ubishi. Record, ile mbegu ya kawaida isiyo chotara, ukichagua vichwa vizuri unaweza kurudia kupanda misimu miwili mitatu, lakini chotara hapana jamani, ukipanda mbegu ulizovuna kwenye chotara unapata shina moja limekuzidi kimo jingine linakufika kiunoni, moja limekauka lenzake ndo kwanza linatoa ua, utavuna lini hapo? Nafasi ni sentimita 75 kwa 30 na shimo lisiwe refu, miche ikitoka mnapunguzia ubaki mmoja. Wenye huruma na miche wanaishia na vichwa vya ukubwa wa kisahani cha chai.

Sasa nyuki. Ua la alizeti lile mnaloliona moja ni vimaua vidogo vidogo mamia kwa mamia, vinafunguka kuanzia pembeni kwenda katikati siku kadhaa, na kila kimoja kinataka chavua ndo kitoe mbegu yenye kiini. Ukikuta kichwa kikubwa halafu katikati mapepe matupu, mara nyingi nyuki hawakufika vya kutosha (au udongo ulikauka wakati wa kujaza). Bibi mmoja mwanachama wetu aliuliza mbona maua yakishakomaa yote yanatazama mashariki, ni kweli mama, machanga yanafuata jua ila yakikomaa yanaganda hivyo, asubuhi yanapata joto mapema na nyuki wanayakimbilia. Kwahiyo mwenye ufuta jirani anayepiga dawa ya wadudu saa nne asubuhi maua yamefunguka anatuua wote. Piga jioni, nyuki wameshalala. Hili nimeshalipeleka kwa wazee wa kitongoji.

Kuuza ndo palipoumiza. Ufuta na korosho zina mnada, alizeti kwetu bado kila mtu na lake, matokeo yake kangomba, yule mlanguzi wa korosho, amehamia huku na kopo lake la kupimia. Jueni alizeti ni nyepesi, gunia la kawaida linaingia kilo 60 hadi 65 hivi, sasa mtu anakwambia jaza gunia mpaka kilemba juu halafu analipa bei ya gunia, hiyo lumbesa na sheria ya vipimo imeikataza. Pima kwa kilo, mzani wa chama upo. Wanachama waliokamua wakauza mafuta wenyewe walilala vizuri, tena mashudu wakabaki nayo kwa kuku na mbuzi, ila kuna mashine ukimwachia ukaondoka mashudu huyaoni, simama pale pale mpaka mwisho. Na msipeleke mbegu mbichi, kichwa kivunwe mgongo wake umetoka kijani ukawa njano kuelekea kahawia, uanike kwenye turubai sio kwenye vumbi, mbegu mbichi inaota ukungu ghalani.

Msimu ujao hela ya mbegu inakusanywa korosho ya kwanza ikilipwa, kabla ya sherehe na pikipiki. Majina anaandika katibu. Na aliyechukua turubai kubwa la chama kwa ajili ya msiba alirudishe, msiba umeshaisha.