Fomu za ofisi zitumwe katika faili zinazofunguka kwenye mfumo wowote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakuu wa ofisi na shule zinazotuma fomu na matangazo kwa barua pepe watazame upya aina za faili wanazotutumia. Kompyuta yangu inaendeshwa na Haiku, mfumo endeshi huria ambao hapa kwetu wanaoufahamu ni wachache, na kazi ya kila siku ya picha na nyaraka imenionyesha kwamba tatizo letu kubwa sisi wa mifumo midogo linatokana na mazoea ya wanaotuma faili kuliko upungufu wa mifumo yenyewe.

Haiku ilianzishwa mwaka 2001, mwaka ambao kampuni ya Palm ilinunua mali za kampuni ya Be iliyotengeneza BeOS, mfumo endeshi ambao Haiku inauendeleza kwa kuufuata, na hadi leo inaendelezwa zaidi na watu wanaojitolea. Ni nyepesi, na kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya GB 2 inaimudu, ilhali Windows 11 inadai angalau GB 4. Kwa familia isiyo na uwezo wa kununua mashine mpya, tofauti hiyo si ndogo.

Upande wa picha sina lalamiko. Katika Haiku, uwezo wa kusoma kila aina ya picha umewekwa kwenye mfumo wenyewe badala ya kufungiwa ndani ya programu mojamoja. Ukiongeza kitafsiri (kijiprogramu cha kusoma aina fulani ya faili) cha picha za WebP, kwa mfano, programu zote zinazotegemea huduma hiyo, iwe ya kutazama picha au ya kuchora, huanza kusoma WebP papo hapo bila hata moja kubadilishwa. Huo ni usanifu wa busara sana, na ningefurahi kuuona katika mifumo mikubwa.

Shida iko kwenye nyaraka. LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, ipo na inafungua faili za docx, yaani za Microsoft Word, lakini fomu yenye majedwali ndani ya majedwali, iliyoandikwa kwa fonti ambayo mpokeaji hana, huvurugika: mstari wa sahihi huhamia ukurasa wa pili, na maelezo ya kisanduku kimoja hulalia kisanduku cha chini yake. Ofisi moja ilinitumia fomu ya namna hiyo, na nilipoomba PDF nikajibiwa nikatafute kompyuta ya kawaida. Jibu hilo halimfai mwananchi anayefuata huduma.

Sisemi kwamba upande wetu hauna kasoro. Programu ya kuandikia ya Haiku, StyledEdit, huhifadhi maneno kama maandishi matupu, huku rangi na fonti zikiwekwa kando kama sifa za faili, yaani maelezo ya ziada yanayoambatana nayo. Ukinakili faili hiyo kwenye flashi ya FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili usiobeba sifa hizo, maneno hufika lakini mapambo yote hupotea. Ndiyo maana hati ninayomtumia mtu mwingine naigeuza kwanza kuwa PDF, na naomba ofisi nazo zitufanyie hivyo hivyo.

PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, tangu 2008, na ODF, muundo huria wa nyaraka zinazoharirika, tangu 2006. Hata Word inaweza kuhifadhi hati katika miundo yote miwili, kwa hiyo hakuna programu ya kununua. Fomu ya kuchapisha na kujaza kwa mkono itolewe kama PDF yenye fonti zake ndani; hati inayotakiwa kuhaririwa itolewe pia kama ODF. Na tangazo lisitumwe kama picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, kwa sababu maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki, na programu zinazowasomea wasioona haziyapati kwa urahisi.

Ofisi inayohitaji docx kwa kazi zake za ndani iendelee nayo, mradi kando yake kwenye tovuti iweke PDF ya fomu hiyo hiyo.

Wako,
Msomaji, Morogoro