Shahidi asishikishwe kitabu bila kuulizwa

Mhariri,

Haki ya kuamini au kutoamini haiishii mlangoni mwa mahakama. Ibara ya 18 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza kumshurutisha mtu katika imani. Lakini karani akimkabidhi shahidi kitabu kitakatifu ili aape, bila kumuuliza, naye akasita, wakili wa upande wa pili hupata mwanya wa kumwonyesha kama mtu anayeficha jambo. Huo ni uonevu, na unaharibu kesi ya mtu mwingine kabisa.

Karani amuulize kila shahidi nje, kabla hajaitwa kizimbani: ataapa kwa dini yake, au atathibitisha kwamba atasema kweli, bila kumtaja Mungu? Pale sheria inaporuhusu njia zote mbili, uzito ni uleule, na mwongo hushtakiwa kwa kosa lilelile. Wakili akihoji sababu ya uchaguzi huo, hakimu amzuie.

Shahidi akinyimwa uchaguzi huo, pingamizi liandikwe papo hapo kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu rasmi ya kesi. Majaji wa rufaa husoma kilichoandikwa. Lalamiko la koridoni haliwafikii.